Mfanya Biashara Akipewa Inchi: Moïse Tshombe na Mji wa Kalemie

Kila mara uchaguzi unapokaribia, makatekista wetu wanatuletea swali lile lile. Tajiri mmoja amefika kijijini na kamiyo mbili. Amesalimu wazee vizuri, amekunywa maji yao, kisha amesema kwamba atasimama kuwa depite, na pengine siku moja atasimama kuwa raisi wa inchi nzima. Watu wanafurahi. Wanasema: «Huyu amekwisha kushiba, hataiba.» Tena wanasema: «Huyu anajua kutunza feza, basi atatunza feza ya inchi.» Jioni wanakwenda kwa katekista kumwuliza: Je, ni kweli?

Maneno hayo mawili si ya upuuzi. Mtu aliyeanza na meza moja sokoni, akafika kuwa na maduka kumi, amejifunza mambo ambayo wengi wetu tuliosoma katika seminari hatuyajui. Walakini haifai kuyajibu kwa mawazo matupu. Afazali tuyapime kwa mtu mmoja ambaye hesabu yake imefungwa zamani. Mtu huyo ni Moïse Tshombe. Nasi tutamtazama kutoka hapa Kalemie, wala si kutoka Lubumbashi. Huko Lubumbashi wazee wengine wanamkumbuka kwa mshahara uliolipwa tarehe yake. Hapa penye ziwa anakumbukwa kwa namna nyingine, na sherti tueleze sababu.

Moïse Tshombe alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 kule Musumba, mji wa mfalme wa Walunda, naye alikuwa wa ukoo wa kifalme. Baba yake, Joseph Kapend Tshombe, alikuwa mfanya biashara. Inasemekana kwamba alikuwa Mkongo wa kwanza kuhesabiwa milioni katika franki za wakati ule. Tusikie vizuri neno hilo lilikuwa na uzito gani. Wakati wa ukoloni Mwafrika hakupata mkopo wa banke kwa urahisi, wala hakuweza kumiliki kiwanja kama Mzungu. Aliyetajirika katika hali hiyo alitajirika kwa akili, kwa uvumilivu, na kwa kuelewana na wakubwa wa serikali na wa makompani. Hilo la mwisho tulishike, maana tutalikuta tena mbele.

Kijana Moïse alisoma kwa wamisionari Waprotestanti wa Marekani, wale Wametodisti, akajifunza kazi ya hesabu. Baba yake alipokufa mwaka 1951, yeye alirizi biashara pamoja na jina. Jina alilitunza, lakini maduka yalimshinda. Alianguka katika biashara zaidi ya mara moja, hata akashindwa kulipa madeni. Hatusemi hayo kwa kumcheka, kwa maana kuanguka katika biashara si zambi, na wakristu wema wengi wameanguka hivyo. Twasema kwa sababu watu husahau. Wanaposema «Tshombe alikuwa tajiri, ndiyo maana alijua kuongoza», wanataja utajiri wa baba, si wa mtoto. Neno la kwanza la wanakijiji wetu limekwisha kupungua nguvu: twaona mtu aliyezaliwa katika nyumba iliyoshiba, lakini alipoingia katika siasa mwenyewe alikuwa anahitaji feza ya wengine.

Pengine mtu atauliza: Mbona wafanya biashara na makarani ndio waliotangulia katika siasa ya Kongo? Jibu ni jepesi. Wabelgiji walifungua universite kwa kuchelewa sana: Lovanium mwaka 1954, Elisabethville mwaka 1956. Mwaka 1960 Wakongo waliomaliza universite walikuwa wachache kabisa, ambapo mapadri Wakongo walikuwa mamia. Lakini padri hawezi kuwa waziri. Basi walibaki makarani, waalimu, wasaidizi wa waganga, na watu wa biashara. Hata Patrice Lumumba, adui mkubwa wa Tshombe, kabla ya kushika inchi alikuwa mkubwa wa mauzo ya bia ya Polar kule Leopoldville. Watu walimjua kwa chupa kabla ya kumjua kwa hotuba.

Biashara ilimfundisha Tshombe nini? Ilimfundisha kusikiliza, kucheka na mtu asiyempenda, kungojea, kubadili bei bila kubadili uso. Wazungu waliojadiliana naye walishangaa kuona kwamba hakasiriki. Waandishi wa magazeti walimpa jina la kifaransa, Monsieur Tiroir-Caisse, maana yake Bwana Sanduku la Feza. Lilikuwa jina la zihaka, na kwa maoni yetu halikuwa la haki kabisa, maana wengi waliomcheka hivyo nao walikuwa na masanduku yao. Lakini jina lilimkaa, kwa sababu kila mtu alijiuliza: Ufunguo wa sanduku hilo unashikwa na nani?

Tufike sasa kwenye siasa yenyewe. Mwaka 1958 vyama vya makabila ya Katanga viliungana kuwa Conakat. Katika Julai 1959 Conakat ikawa chama cha siasa, naye Tshombe akawa raisi wake. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama hicho kilipata viti 8 tu katika baraza la inchi lililokuwa na viti 137. Katika baraza la jimbo la Katanga kilipata viti 25 kati ya 60. Wapinzani wake, yaani muungano wa Balubakat wa Jason Sendwe, walipata 23. Kwa hiyo Tshombe hakuwa na Katanga yote mkononi. Alikuwa na kusini, penye machimbo ya shaba. Kaskazini, ndipo huku kwetu, watu wengi walimfuata Sendwe.

Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Kongo, Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni inchi ya peke yake. Angewezaje kuthubutu? Tutazame feza. Kompani ya Union Minière ilikuwa inalipa kodi na haki nyingine kwa serikali ya Kongo, nayo ilikuwa chemchemi kubwa kupita zote za mapato ya koloni. Tangu Julai 1960 feza hiyo ilibaki Elisabethville. Kwa feza hiyo walilipwa makarani, askari, na Wazungu wa vita walioajiriwa toka inchi nyingi. Katanga ikafungua banke yake na kutoa franki zake. Katika noti za kwanza ilipigwa sura ya Tshombe mwenyewe, na katika bendera viliwekwa vipande vitatu vya shaba vyenye umbo la msalaba, ambavyo wazee wetu walivitumia zamani kama feza. Mtu aliyeshindwa kulipa madeni ya maduka yake, sasa uso wake ulikuwa juu ya noti za banke.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mfanya biashara ana haki moja ambayo mkubwa wa inchi hana. Akiona duka moja halileti faida, anaweza kulifunga. Hafanyi vibaya, na pengine angefanya vibaya kama angeliacha wazi, maana lingekula faida ya mengine yote. Lakini mkubwa wa inchi hawezi kufunga wilaya. Watu wa wilaya isiyoleta feza ni wake sawasawa na wale wa wilaya inayoleta. Kongo ya Leopoldville ilionekana machoni pa watu wa Conakat kama duka linalokula faida ya shaba. Wakaifunga. Kisha hesabu ile ile ikawarudia nyumbani, kwa sababu ndani ya Katanga yenyewe palikuwa na upande usio na shaba.

Upande huo ni wetu. Kalemie, iliyoitwa Albertville zamani, ilianzishwa mwaka 1891. (Mafrateri wakumbuke kwamba mwaka ule ule Papa Leone XIII aliandika Rerum Novarum juu ya haki za wafanya kazi. Hapa kwetu kazi ilikuwa kupigana na wauza watumwa.) Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na tangu hapo mji ukaishi kwa bandari, kwa reli na kwa pamba. Manono ilikuwa na bati. Hayo yote ni mali, lakini yakiwekwa katika mzani pamoja na shaba ya Kolwezi, Jadotville na Kipushi, yalionekana madogo. Tena watu wa huku hawakumpigia Tshombe kura. Mbele ya serikali ya Elisabethville kaskazini ilikuwa mteja asiyenunua, na zaidi ya hayo mteja anayegombana.

Yaliyofuata tunayajua kwa machozi. Vijana wa Balubakat walishika silaha, wakaua, wakabomoa njia. Askari wa Katanga pamoja na Wazungu wa kukodiwa walikuja kuwatiisha, wakachoma vijiji. Mwaka 1961 maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya ONU kule Elisabethville. Tarehe 1 Januari 1962, Kongolo, wamisionari 20 wa shirika la Roho Mtakatifu waliuawa na askari wa jeshi la Kongo waliokuja kupigana na Katanga. Hivi hatuwezi kusema kwamba upande mmoja tu ulimwaga damu, na mwalimu wa seminari anayefundisha hivyo anawadanganya wanafunzi wake. Lakini tunaweza kuuliza: Je, kati ya wale waliolipa gharama ya Katanga ya Tshombe, wangapi walikuwa na sehemu katika faida yake?

Papa Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwezi wa Mei 1961, alizungumza kwa urefu juu ya jambo hilo hilo, yaani juu ya sehemu tajiri na sehemu maskini ndani ya inchi moja. Alieleza kwamba ni wajibu wa haki kupunguza tofauti kati yao, na kwamba serikali sherti ipeleke mbele zaidi zile zilizobaki nyuma, nao wenyeji washiriki katika kazi hiyo. Barua hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Katanga. Walakini wakati ilipotolewa vijiji vya kaskazini vilikuwa vinaungua, nasi tukiisoma hapa Kalemie ni vigumu kutoifikiria reli yetu.

Katanga ya Tshombe ilikwisha mwezi wa Januari 1963 kwa nguvu ya askari wa ONU, naye baadaye akaenda Hispania. Wengi walizani kwamba biashara yake imefungwa kabisa. Lakini mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliamka mashariki. Katika Juni waliuteka mji wetu, uliokuwa umefanywa makao ya jimbo la Katanga ya Kaskazini mwaka 1962. Siku zile Jason Sendwe, raisi wa jimbo hilo, aliuawa. Basi mtu aliyepigana na Tshombe miaka minne hakuuawa na Tshombe. Alikufa katika fujo ya upande uliojiita rafiki wa maskini. Katika Julai Raisi Kasavubu akamwita Tshombe arudi, akamfanya Waziri Mkuu wa Kongo yote, ile Kongo aliyotaka kutoka ndani yake. Mwisho wa Agosti 1964 Albertville ilichukuliwa tena na jeshi la taifa, pamoja na askari wa zamani wa Katanga na Wazungu wa kukodiwa. Mama aliyejificha porini mwaka 1961 kwa sababu ya askari wa Tshombe, mwaka 1964 aliweza kuwaona tena, safari hii wakiitwa waokozi.

Tumtendee haki mtu huyu. Katika miezi yake ya uwaziri mkuu kulikuwa na kazi moja ambayo mtu wa hesabu aliiweza kuliko wengine. Ubelgiji na Kongo zilikuwa hazijamaliza ugomvi juu ya mali na madeni ya koloni: nani atashika hisa, yaani zile sehemu za mali ya makompani zilizokuwa za serikali ya kikoloni, na nani atalipa deni lililokopwa kwa jina la Kongo? Katika Februari 1965, Brussels, Tshombe alipatana na waziri Paul-Henri Spaak. Kongo ilipokea hisa, na ndani yake sauti katika Union Minière. Ilikubali vilevile kubeba sehemu ya madeni. Wengine walisema kwamba alikubali bei kubwa mno. Sisi twaona kwamba mtu asiyejua kusoma buku la hesabu hangefika hata kwenye meza ile. Neno la pili la wanakijiji, kwamba mfanya biashara anajua mambo ya feza, lina ukweli wake, na katekista asilitupe.

Baadaye chama chake kipya, Conaco, kilishinda uchaguzi wa mwaka 1965. Lakini tarehe 13 Oktoba Kasavubu alimwondoa, na tarehe 24 Novemba Jenerali Mobutu aliwaondoa wote wawili. Tshombe alirudi Hispania. Mwaka 1967 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu kufa, naye hayupo. Tarehe 30 Juni 1967 ndege aliyopanda ilitekwa ikapelekwa Aljeria, akafungwa kule. Alikufa tarehe 29 Juni 1969, hajafika miaka 50, akazikwa Brussels. Union Minière yenyewe ilikuwa imenyanganywa mali yake ya Kongo na Mobutu tangu mwanzo wa mwaka 1967.

Basi tukirudi kwa swali la makatekista: si kosa kuuliza kama mtu ni tajiri au maskini, lakini swali hilo halitoshi. Lililo kubwa zaidi ni hili: Anadaiwa na nani? Katika Injili ya Luka, sura ya 16, Bwana Yesu anatuonyesha wakili anayepunguza madeni ya watu ili wampokee nyumbani mwao siku atakapoondolewa kazini. Mafasiri ya mfano huo ni mengi, na mapadri wengi wanauogopa. Lakini jambo moja liko wazi ndani yake, nalo kila mchuuzi wa soko la Kalemie analijua: aliyepunguziwa deni hayuko huru mbele ya aliyempunguzia. Tshombe alisimama juu ya mgongo wa kompani, na kompani haikuwa na faida yoyote kaskazini. Hakuhitaji kuchukia watu wa Kalemie. Ilitosha kwamba hakuwa na deni kwao.

Historia haikuishia kwake. Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa na waasi hapa Albertville mwaka 1964, aliishi miaka mingi katika milima ya Fizi na katika Tanzania, akifanya biashara ya zahabu, mpaka akawa raisi wa inchi tarehe 17 Mei 1997. Moïse Katumbi alianza na biashara ya samaki, kisha machimbo, akawa gavana wa Katanga tangu 2007 hata 2015, na katika uchaguzi wa raisi wa Desemba 2023 alikuwa wa pili. Hatuwapimi hapa. Twataja tu ili msomaji asizani kwamba tunazungumza mambo ya mababu. Tena mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne. Shaba ilibaki katika Haut-Katanga na Lualaba, nasi tukapata jimbo la Tanganyika, Kalemie ikiwa makao yake. Sasa Manono si bati tu. Litiamu yake inatafutwa na makompani ya dunia nzima, na wanaoomba kura zetu kesho watakuja wakiwa wamekwisha kuzungumza na makompani hayo. Swali la deni litakuwa la kweli kuliko wakati wa Tshombe.

Imebaki sehemu ya mapadri. Sheria ya Kanisa inatukataza kufanya biashara bila ruhusa (kanuni 286), inatukataza kushika vyeo vya utawala wa serikali (kanuni 285), na inatukataza kazi ya uongozi katika vyama vya siasa (kanuni 287). Wengine wanazani kwamba kwa sababu hiyo tuko salama. Si hivyo. Parokia nyingi zina paa linalovuja, na tajiri anayetaka kura anajua idadi ya mabati yanayokosekana kuliko paroko mwenyewe. Anayaleta Jumapili, katika siku za kampeni, anaomba kusimama baada ya Komunyo aseme maneno mawili. Paroko akikubali, yeye pia ameingia katika buku la mtu huyo, pamoja na wakristu wake wote, bila wao kuulizwa.

Kumfukuza si lazima, maana naye ni mkristu na sadaka yake inaweza kuwa safi. Katika parokia kadhaa mapadri wenzetu wanafanya hivi: mabati yanapokelewa siku ya kazi, mbele ya baraza la parokia. Katibu anaandika jina, tarehe na hesabu. Paroko anasaini, mleta anasaini. Hakuna neno linalosemwa altareni. Kama kampeni imekwisha kufunguliwa, baraza linamwomba ayaweke kwake mpaka siku ya kura ipite. Wengine wamekubali na kurudi na kamiyo baada ya uchaguzi. Wengine hawakurudi, na shapeli zao zimefunikwa kwa nyasi hata leo, na watu wanasali humo.